Dawa ya mchwa: Usiulize itadumu muda gani tu, uliza itakaa wapi

Miezi michache iliyopita mume na mke walifika pamoja katika kliniki yangu. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kipimo kilikuwa kimeonyesha kwamba damu yake imepungua. Nilipomaliza kumpima na kumwandikia tembe za madini ya chuma, mumewe alitoa kijikaratasi mfukoni. Alikuwa ameandika jina la dawa ya mchwa aliyouziwa mjini.

"Daktari," akaniuliza, "hii wanasema ukiimwaga mara moja inakaa miaka. Haiwezi kumdhuru mtoto?"

Alinieleza kwamba walikuwa wakijenga nyumba ya mawe kando ya ile ya zamani. Nyuma ya jiko kulikuwa na kichuguu kikubwa. Jumamosi angemwaga dawa katika msingi wa nyumba mpya, na itakayosalia angeimimina kwenye kichuguu ili amalize mchwa kabisa.

Wakati akizungumza, nilimwona mkewe ameinamisha kichwa. Nilipomwuliza kuna nini, alijibu kwa sauti ya chini kwamba udongo anaokula huuchimba pale pale, kwenye kichuguu.

Mumewe hakuwa na habari. Nami, kusema kweli, sikuwa nimemwuliza mama huyo kama anakula udongo, ingawa kila daktari anayehudumia wajawazito humu nchini anajua kwamba wengi wao huutamani, na kwamba tamaa hiyo aghalabu huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Wengine hununua odowa sokoni. Wengine huchimba udongo wa kichuguu kwa kuwa ni laini na hauna kokoto.

Msomaji, swali la baba huyo ni zuri na nimeulizwa na wengi. Jibu lake si "ndiyo" wala "la". Linategemea mahali sumu itakapokaa na jinsi inavyotoka hapo.

Adui anayetoka chini

Mchwa hawatuletei ugonjwa wowote kama mbu au viroboto. Hasara yao ni nyingine. Hutafuna miimo ya milango, mbao za paa, vitanda na hata mahindi ghalani, na familia iliyojinyima miaka mingi ili ijenge hujikuta ikianza upya.

Mchwa vibarua, ambao ndio walaji, hawapendi mwanga wala hewa kavu. Hutoka ardhini na kupanda ukutani ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga wenyewe, au hupenyea katika ufa wa sakafu na kando ya mabomba. Kundi moja la mchwa wa vichuguu vikubwa laweza kuwa na mamia ya maelfu ya mchwa, na malkia hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kwa hivyo kuwaua wale unaowaona ukutani ni kama kuchota bahari kwa kikombe. Kinachotakiwa ni kizuizi kati ya udongo na nyumba, tena kizuizi kitakachodumu.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Sumu inayodumu chini ya nyumba ni sumu utakayoishi nayo.

Makosa ya zamani

Kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mchwa walikabiliwa kwa sumu za jamii ya aldrini, dieldrini na klordani. Zilisifiwa kwa sababu hazikuoza. Ukizimwaga leo, utazikuta miaka mingi baadaye.

Sifa hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa laana. Kule Marekani klordani ilianza kuuzwa mwaka wa 1948, na kutoka 1983 iliruhusiwa kwa kazi ya mchwa pekee. Mwaka wa 1988 matumizi hayo nayo yalikomeshwa. Sumu iliyowekwa chini ya sakafu ilikuwa ikipanda na kuingia katika hewa ya vyumba, na iliweza kupimwa humo miaka mingi baada ya fundi kuondoka. Isitoshe, sumu za jamii hii hujihifadhi katika mafuta ya mwili, na hupatikana hata katika maziwa ya mama.

Hapa Kenya klordani ilipigwa marufuku mwaka wa 1986. Aldrini na dieldrini ziliruhusiwa kwa muda zaidi katika kazi ya mchwa, hadi zilipopigwa marufuku mwaka wa 2004. Huo ndio mwaka Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu zisizooza ulipoanza kufanya kazi. Ukikuta mkebe wa zamani wa sumu hizi katika stoo ya babu, usiutumie wala usiumwage. Uache ulipo, ufungie mlango, na uwaarifu maafisa wa kilimo au wa afya ya umma. Na mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu ya habari hii. Faida ya maziwa yake ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Kinyume cha sumu hizo ni pareto yetu, zao ambalo kwa miaka mingi liliifanya Kenya kuwa mbele ya nchi zote duniani. Pareto huangusha wadudu mara moja, lakini jua huivunja kwa muda wa saa chache. Kwa mbu wa jioni hiyo inatosha, ila kwa mchwa wa miaka kumi haifai. Ndiyo sababu wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza sumu zinazofanana na pareto lakini zinazostahimili jua. Permethrini ilipatikana mwaka wa 1973 na deltamethrini mwaka wa 1974.

Katikati ya hizo iliingia klorpirifosi, ambayo wajenzi wengi wanaifahamu. Huoza upesi kuliko dieldrini, lakini hushambulia neva za binadamu kama inavyoshambulia za mdudu. Marekani ilianza kuiondoa majumbani mwaka wa 2000 kwa ajili ya afya ya watoto. Mnamo Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliamua kuiingiza katika orodha ya sumu za kuondolewa, zikiacha matumizi machache tu kwa muda.

Sumu ndani ya ganda

Wataalamu walijiuliza hivi: badala ya kutafuta sumu isiyooza kabisa, je, haiwezekani kuchukua sumu inayooza, kuifunga mahali isipofikiwa na maji, jua wala vijidudu vya udongo, kisha kuiacha itoke kidogo kidogo?

Wazo hili unalijua, msomaji, hata kama hujawahi kulifikiria. Kijiti cha kupanga uzazi kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono huachilia homoni kidogo kila siku kwa miaka 3 hadi 5. Lau homoni hiyo yote ingemezwa siku moja, ingekuwa taabu. Mfano mwingine uko kitandani mwako. Neti za kudumu za Olyset, ambazo zimekuwa zikitengenezwa Arusha, Tanzania, tangu 2003, zina permethrini iliyochanganywa ndani ya uzi wenyewe wa plastiki. Ukiifua neti, dawa ya juu huondoka, kisha nyingine husogea kutoka ndani ya uzi hadi nje. Mbu akitua hufa, nawe mwenye neti unalala salama.

Dawa za mchwa zinazotoka polepole hufuata njia hiyo hiyo. Ziko za namna mbili kuu.

Ya kwanza ni ya vidonge vidogo mno, vyembamba kuliko unywele, vinavyoelea katika maji. Kila kidonge kina ganda la plastiki na tone la sumu ndani. Fundi huchanganya na maji na kunyunyizia udongo kama kawaida. Maji hukauka, vidonge hubaki. Sumu huvuja polepole kupitia ganda, au mchwa hulipasua ganda kwa miguu na meno, akajipaka na kwenda nayo kwa wenzake.

Ya pili ni karatasi ya plastiki iliyotiwa sumu wakati wa kutengenezwa, mara nyingi ya jamii ya deltamethrini au bifenthrini. Hutandikwa chini ya zege, mahali pale pale wajenzi wetu wanapotandika nailoni ya kuzuia unyevu, na huzungushwa kwa makini kila mahali bomba linapopenya sakafuni. Namna hii imeenea sana Australia. Kwa macho ya daktari uzuri wake ni kwamba sumu haimwagwi kamwe. Huja ikiwa imefungwa na hufunikwa ikiwa imefungwa.

Faida yake kwa afya ni nini? Kwanza, kibarua na wenye nyumba hukutana na sumu kidogo kwa wakati mmoja. Pili, hewa ya ndani huchafuka kidogo, kwa kuwa sumu haitoki yote pamoja. Tatu, kile kinachovuja nje ya ganda huanza kuvunjika udongoni badala ya kulimbikizana kizazi baada ya kizazi, ingawa baadhi ya sumu hizi, kama bifenthrini na fipronili, huchukua muda mrefu kabla ya kuisha.

Ganda haliondoi usumu

Sasa nifikie jambo ambalo muuzaji huenda asikuambie. Ganda hupunguza kasi ya sumu. Haliigeuzi kuwa maji.

Kama vidonge hivyo vinadumu miaka chini ya zege, vitadumu pia vikinyunyiziwa mahali pasipofaa. Nimewahi kuambiwa na mzazi mmoja kwamba alibakiwa na dawa ya msingi, akaona ni hasara kuitupa, akanyunyizia sakafu na kuta za chumba cha watoto ili aue na mende. Mtoto wa miezi minane hutambaa, hushika sakafu, kisha hutia mkono kinywani mara nyingi kwa siku. Kwa mtoto kama huyo, kudumu kwa dawa ndiko hatari yenyewe. Dawa ya udongo ikae udongoni.

Pili, wengi wetu hula mchwa. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni chakula kizuri, chenye protini, mafuta na madini ya chuma, na katika magharibi ya Kenya ni kitoweo cha heshima. Lakini baadhi ya dawa za siku hizi, kama fipronili, zimetengenezwa zisimfukuze mchwa wala zisimwue papo hapo, ili abebe sumu hadi kwa wenzake. Kichuguu kilichomiminiwa dawa ya namna hii hakifai kuvunwa kumbikumbi, wala wale wanaotokea kando ya nyumba iliyotiwa dawa.

Tatu ni kuku. Nyumbani kwingi watoto huvunja kichuguu na kuwapa vifaranga mchwa. Sumu huenda kwa kuku, na kutoka kwa kuku huenda katika yai. Hili si jambo la kudhania. Mwaka wa 2017, kule Uholanzi na Ubelgiji, fipronili ilitumika kinyume cha sheria kuua wadudu katika mabanda ya kuku. Ikaonekana katika mayai, na mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani.

Nne ni udongo wenyewe. Mama mjamzito, au mtoto, anayechimba udongo wa kichuguu ili ale, hatajua kwamba mwenye shamba alimimina dawa mwaka jana. Haina rangi na huenda haina harufu. Hata bila dawa, udongo huleta minyoo na huweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma ya kutosha. Kwa hivyo mama anayetamani udongo asione haya. Amwambie muuguzi kliniki, apimwe damu na atibiwe.

Tano ni maji. Pale penye kisima au tangi la chini ya ardhi karibu na ukuta, kumwaga dawa ni kuialika mezani.

Kabla fundi hajaanza kazi

Mwulize maswali haya, na asipoweza kuyajibu usimruhusu aendelee.

Sumu yenyewe inaitwaje? Jina la biashara halitoshi. Soma lebo, utafute kiini chake. Kisha tazama kama ina namba ya usajili ya bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, ile wengi wanayoijua kwa herufi za PCPB. Usikubali dawa iliyopimwa kwa chupa ya soda.

Itakaa wapi, na itafunikwa na nini? Wakati bora ni kabla ya zege. Mawe na maramu yakishashindiliwa, dawa hunyunyizwa siku isiyo na mvua, kisha nailoni hutandikwa na zege kumwagwa bila kukawia. Dawa iliyoachwa wazi wiki nzima huliwa na jua, husombwa na mvua hadi kwa jirani, na watoto huichezea.

Nyumba iliyokwisha kujengwa itafanyiwaje? Hapo fundi hutoboa mashimo madogo kando ya ukuta, akaingiza dawa ndani ya udongo na kuziba mashimo kwa saruji. Hanyunyizii sakafu wala kitanda. Wenye nyumba, hasa wajawazito, watoto na wenye pumu, wakae nje hadi pakauke na hewa ipite.

Anayenyunyizia amevaa nini? Nilipokuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya wilaya, tuliletewa kibarua aliyekuwa amenyunyizia msingi peku, pampu ikimvujia mgongoni tangu asubuhi. Alifika akitokwa na mate na jasho, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, na kifua kikikoroma. Tulimvua, tukamwosha, tukamdunga atropini tena na tena hadi usiku. Alipona. Alichokosa asubuhi ile ni ovaroli, glavu, buti za mpira na pampu nzima.

Kopo litaenda wapi? Lisuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe katika mchanganyiko, kisha litobolewe. Jerikeni ya sumu haichoti maji ya kunywa kamwe, hata ikioshwa kwa maji moto.

Kumbuka pia kwamba kuna kinga zisizo na sumu. Mbao zisiguse udongo. Kuni na mabaki ya mbao yasirundikwe ukutani. Paa lisivuje, kwa maana mchwa hufuata unyevu. Kagua msingi kila mwezi na uvunje vijia vya udongo mapema. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kana kwamba walikuwa wakizungumza juu ya mchwa. Ama oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka nguzo, si mbadala salama. Ina kemikali zinazoweza kuleta saratani, nayo hupenya ngozi na udongo.

Mtu akidhurika

Sumu za jamii ya klorpirifosi huleta mate mengi, jasho, machozi, kutapika, kuhara, mboni ndogo, misuli kutetemeka na pumzi kuwa nzito. Zile zinazofanana na pareto aghalabu huwasha na kuchonyota ngozi, hasa ya uso. Fipronili ikimezwa yaweza kuleta kifafa.

Mtoe mtu huyo penye dawa. Mvue nguo zote, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe ukijikinga mikono. Ikiwa dawa imeingia machoni, yamwagie maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Aliyelegea alazwe ubavu.

Usimtapishe. Dawa nyingi za aina hii zimeyeyushwa katika mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, na yakipanda yakaingia mapafuni huleta nimonia mbaya. Usimnyweshe maziwa pia. Maziwa si dawa ya sumu, na aliyelegea atasongwa nayo.

Kisha mkimbize hospitalini, ukibeba kopo au lebo yake. Kwa dawa zinazotoka polepole dalili huenda zikachelewa. Mtoto aliyeonja apelekwe hata kama bado anacheza.

Kuhusu wale wawili niliowataja mwanzoni, niliwashauri hivi. Dawa ya msingi itumiwe katika msingi peke yake, kwa kipimo cha lebo, na zege ifuate siku hiyo hiyo. Mama asikaribie huko siku hiyo. Kichuguu kisimiminiwe chochote. Kichimbwe kwa jembe hadi malkia apatikane, kama wazee walivyofanya.

Waliporudi mwezi uliofuata, baba aliniambia kwamba walichimba siku mbili kabla ya kumpata malkia, na kwamba majirani walimcheka kwa kuhangaika na jembe ilhali ana dawa stoo. Nilimpima mama. Damu ilikuwa imeanza kupanda. Nilimwuliza kuhusu udongo, naye akacheka na kusema hamu imepungua, ila haijaisha. Nikamwambia aendelee na tembe.